Tumbo Linapogoma Baada ya Kuwekewa Mpira wa Kulishia

Ndugu zetu mnaolishwa kwa mpira, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, ndugu mnaowahudumia nyumbani, wauguzi na wataalamu wa lishe mliofika, tunawashukuru kwa kutupa nafasi hii.

Mada tuliyopewa ilikuwa pana, na tumeipunguza makusudi. Hatutaeleza mpira unavyowekwa wala nani anafaa kuwekewa. Tutazungumzia tumbo tu: kujaa, kichefuchefu, kutapika, kusokota, kuharisha na choo kugoma. Hayo ndiyo yanayowafanya watu waanze kupunguza chakula kimyakimya, leo nusu mlo, kesho mlo mmoja, mpaka uzito unashuka na daktari hajui kwa nini.

Hoja yetu ni moja. Mara nyingi tumbo halikatai chakula chenyewe. Linakataa kasi yake, wingi wake kwa mara moja, ubaridi wake, namna mtu alivyolala, hewa iliyoingia nacho, au dawa iliyopita kwenye mpira uleule. Kwa hiyo kabla hujadai kubadilishiwa aina ya chakula, kagua hayo kwanza, na ukipata unaloshuku, badilisha hilo peke yake. Mtu akipunguza kasi, akabadilisha kopo la chakula na kuacha dawa siku moja, halafu nafuu ikaja, hatajua kilichomponya ni kipi, na shida ikirudi ataanza upya gizani.

Tuanze na kwa nini tumbo linasumbuka. Mtu anapokula kwa mdomo, mwili hupata taarifa mapema. Harufu, ladha na kutafuna huamsha mate, tindikali na vimeng'enya, na mfuko wa tumbo hulegea kidogo ili upokee. Chakula huingia tonge kwa tonge, kimechanganyika na mate, kina joto linalokaribia la mwili. Mpira unayaruka yote hayo. Mfuko wa tumbo unashtukia tu umejaa. Tena wengi wanaowekewa mpira wametoka kwenye siku au wiki za kutokula vizuri, na utumbo usiotumika hupungukiwa nguvu: kuta zake za ndani hupungua, vimeng'enya navyo hupungua. Utumbo wa namna hiyo hauwezi kupewa mzigo wote siku ya kwanza.

Jambo la kwanza kulijua, na la ajabu ni kwamba wengi huondoka hospitali bila kuambiwa, ni mahali ilipo ncha ya mpira wako. Mpira wa puani kwa kawaida huishia kwenye mfuko wa tumbo. Mpira wa gastrostomi, ule unaopita kwenye ngozi ya tumbo, nao huishia humo humo. Lakini ipo mipira ambayo ncha yake hupelekwa mbele zaidi, hadi kwenye utumbo mwembamba. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu. Mfuko wa tumbo ni ghala: unapokea mililita 250 kwa mkupuo, unazihifadhi na kuzitoa kidogo kidogo. Utumbo mwembamba hauna ghala. Ukiumiminia bomba zima la sindano, mtu atasokotwa na tumbo, atatoka jasho na kuharisha ndani ya nusu saa. Mwenye mpira wa utumboni hulishwa polepole, kwa pampu, kwa saa nyingi, na maji yake ya kusuuzia yanafaa yawe yamechemshwa na kupozwa, kwa kuwa chakula na maji hayo hayapiti kwenye tindikali ya tumbo inayoua vijidudu. Kama hujui ncha ya mpira wako iko wapi, uliza kabla ya mlo unaofuata.

Sasa siku za mwanzo baada ya gastrostomi. Wakati wa kuweka mpira kwa endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, tumbo hujazwa hewa ili daktari aone, na hewa nyingine huweza kuvujia nje ya mfuko wa tumbo. Ndiyo maana mtu anaweza kujisikia amejaa, akauma tumbo au hata bega, siku moja au mbili. Hilo hupita. Lakini kuna maumivu ya aina nyingine ambayo hayasubiriwi. Katika saa 72 za kwanza, kama mtu anapata maumivu pale chakula, maji au dawa vinapoingia, au ana maumivu makali yasiyotulia, au damu mbichi inatoka, au maji ya tumbo yanavuja pembeni mwa mpira, simamisha kila kinachopita kwenye mpira papo hapo na mpigie daktari. Inawezekana chakula kinamwagika nje ya mfuko wa tumbo. Usiseme tusubiri tuone asubuhi.

Hayo yakiwekwa wazi, turudi kwenye usumbufu wa kila siku. Tutakaa sana kwenye kasi, kwa sababu hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Anayelishwa kwa bomba la sindano la mililita 60 mara nyingi huanzishwa na mililita 60 hadi 120 kwa mlo, kisha huongezwa takriban 60 kila baada ya saa 8 hadi 12 tumbo likikubali, mpaka afikie kipimo chake, ambacho kwa mtu mzima huwa kati ya 200 na 400 kwa mlo. Kufika huko kunaweza kuchukua siku mbili au zaidi ya wiki. Hakuna tuzo ya kuwahi. Mlo wa mililita 250 uchukue dakika 20 hadi 30. Kwa bomba la mililita 60 hiyo ni mijazo minne na kitu, kwa hiyo kila mjazo upite kwa dakika tano hivi. Tazama saa mara moja tu utashangaa: wengi humaliza mlo mzima kwa dakika sita.

Namna ya kuipata kasi hiyo ni hii. Toa kisukumio cha ndani, uchomeke bomba tupu kwenye mpira uliobanwa, mimina chakula, kisha achia kibano na uliache bomba kama sentimita 15 juu ya usawa wa tumbo. Chakula kishuke chenyewe. Ukiinua bomba, kasi huongezeka, ukilishusha, hupungua. Hapo ndipo usukani ulipo. Tunawasihi msisukume chakula kwa kisukumio ili kuokoa muda. Kusukuma kunafaa kwa maji ya kuzibua mpira, tena taratibu. Mlo uliosukumwa hupanua tumbo ghafla, na tumbo lililopanuliwa ghafla hujibu kwa kichefuchefu, kucheua au kutapika. Mtu akisema "nimejaa" katikati ya mlo, bana mpira, subiri dakika kumi, endelea. Mlo uliokatwa vipande viwili ni bora kuliko mlo uliotapikwa.

Kwenye pampu, mwanzo huwa mililita 10 hadi 40 kwa saa, na ongezeko la 10 hadi 20 kila baada ya saa 8 hadi 12. Dalili zikianza baada ya kuongeza, rudi kwenye kasi ya mwisho iliyokubalika, kaa hapo siku nzima, kisha jaribu kuongeza kwa hatua ndogo zaidi. Kusimamisha kabisa ni hatua ya mwisho. Mwenye mpira wa utumboni mara nyingi hafiki mbali zaidi ya mililita 100 au 125 kwa saa, na hilo halina kasoro.

Kuhusu kulala: kichwa na kifua viinuke nyuzi 30 hadi 45 wakati wote wa kulisha, na saa moja baada ya hapo. Tunasema kifua, kwa sababu kurundika mito chini ya kichwa peke yake kunaikunja shingo na kulikunja tumbo, na shinikizo linaongezeka badala ya kupungua. Inua kichwa cha kitanda, au weka mto mpana unaoanzia kiunoni. Anayeweza kukaa kwenye kiti, akae. Anayelishwa usiku kucha alale ameinuka hivyo hivyo usiku kucha, na akihitaji kulazwa chali ili abadilishwe nguo, pampu isimamishwe kwanza. Chakula kinachorudi juu kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Kiungulia ni dogo mbele ya hilo.

Joto la chakula halina maneno mengi. Kiwe na joto la chumbani. Kilichotoka kwenye jokofu kitolewe nusu saa kabla, au chombo kiwekwe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Usikipashe kwenye jiko la mawimbi mikro (maikrowevu): hupata moto upande mmoja, na mpira hauna ulimi wa kukuonya.

Hewa ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Tumbo gumu kama ngoma nusu saa baada ya mlo mara nyingi limejazwa hewa na mlishaji. Hewa huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni mrija wa kuunganishia au mrija wa mfuko wa chakula ambao haukujazwa chakula hadi ncha kabla ya kuunganishwa. Ya pili ni bomba la sindano linaloachwa likauke kati ya mjazo na mjazo. Bana mpira au ongeza chakula wakati bado kuna mililita tano chini ya bomba. Ya tatu ni povu. Chakula cha unga kilichopigwa kwenye mashine huwa kimejaa viputo. Kiache kitulie mpaka povu lishuke. Chakula cha kopo tikisa polepole, kisha subiri kidogo kabla ya kufungua.

Hewa iliyokwisha kuingia inaweza kutolewa kwa njia ileile, mradi mpira unaishia kwenye mfuko wa tumbo. Chomeka bomba la mililita 60 lisilo na kisukumio, liinue juu kidogo ya usawa wa tumbo, fungua kibano na usubiri dakika tano hadi kumi. Utasikia mbweu na kuona maji ya tumbo yakipanda na kushuka. Yaache yarudi yenyewe, kisha suuza kwa maji. Fanya hivyo kabla ya mlo, na tena baada yake kama mtu bado amejaa. Watoto wadogo, wanaolia sana, na wanaosaidiwa kupumua kwa mashine ya barakoa mara nyingi humeza hewa nyingi na huhitaji hili mara kwa mara. Wenye mpira mfupi wa kitufe wakumbuke kuunganisha mrija wake kwanza, kwani kitufe kina vali inayozuia vitu kurudi. Na kuna vitufe vinavyohitaji mrija maalumu wa kutolea hewa, kwa hiyo uliza chako ni cha aina gani.

Kichefuchefu kinachokuja licha ya kasi nzuri, mkao mzuri na hewa kutolewa kinatutaka tuangalie kama tumbo linatoa chakula kwa wakati. Dawa za maumivu za jamii ya morfini na kodeini hulichelewesha. Sukari ya juu kwa mwenye kisukari hulichelewesha. Chakula chenye mafuta mengi nacho hukaa zaidi. Na choo kilichoziba chini hufanya juu kusisogee. Wengi hutibu kichefuchefu kwa wiki nzima kumbe dawa ilikuwa ya kulainisha choo.

Je, upime mabaki ya chakula tumboni kabla ya kila mlo? Zamani ilikuwa desturi. Mwongozo wa mwaka 2016 wa vyama vya Marekani vya lishe ya wagonjwa na vya wahudumu wa wagonjwa mahututi ulishauri kuacha kupima kwa mazoea hata kwa walio mahututi, na kwa wanaopimwa, chakula kisisimamishwe kwa mabaki yaliyo chini ya mililita 500 kama hakuna dalili nyingine. Nyumbani tunashauri upime mtu anapolalamika tu, na kama umefundishwa. Vuta polepole, pima, rudisha ulichovuta kwa kuwa kina tindikali na chumvi ambazo mwili unazihitaji, kisha suuza. Mabaki yakizidi 250 na mtu ana kichefuchefu, ahirisha mlo kwa saa moja. Yakijirudia, piga simu. Zipo dawa za kuharakisha tumbo, kama metoklopramidi, ila zina madhara kwenye neva zikitumiwa muda mrefu na si za kujinunulia.

Kuna chanzo kimoja cha kutapika ambacho ni cha kifundi tu, nacho ni mpira kuhama. Gastrostomi nyingi hushikiliwa ndani na puto la maji. Kisahani cha nje, kile kinachokaa juu ya ngozi kuushika mpira, kikilegea, tumbo huuvuta mpira mbele kila linapojikunja, na puto huenda likaziba lango la chini la tumbo. Dalili yake ni kutapika ghafla kwa mtu aliyekuwa akiendelea vizuri, tumbo la juu kuuma, na alama ya sentimita kwenye mpira kuonekana imezama kuliko jana. Ndiyo sababu tunasisitiza iandikwe namba inayosomeka usawa wa ngozi, na iangaliwe kila siku. Ikiwa njia ya mpira kwenye ngozi imeshapona, uvute mpira taratibu mpaka uhisi puto limegusa ukuta wa tumbo, kisha urudishe kisahani mahali pake, kikiwa na nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja kutoka kwenye ngozi. Usikikaze zaidi ya hapo. Kikikazwa sana, sehemu ya ndani huweza kujichimbia kwenye ukuta wa tumbo, na hapo maumivu ya kila mlo ni ya haki kabisa. Mpira wenye ncha ya utumboni usivutwe wala kuzungushwa nyumbani.

Kwa mpira wa puani, alama ya puani iangaliwe kabla ya kila mlo. Baada ya kutapika au kukohoa sana, usilishe kabla ya kuhakikisha tena: mpira unaweza kuwa umejikunja kooni. Maji yaliyovutwa yenye pH (kipimo cha ukali wa tindikali) ya 5.5 au chini yanaonyesha tindikali ya tumbo. Dawa za kupunguza tindikali huipandisha pH, kwa hiyo anayezitumia aandikiwe utaratibu wake.

Tuje kwenye kuharisha. Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Chakula cha majimaji huacha choo laini, na choo laini mara mbili kwa siku si ugonjwa. Kuharisha ni choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Likitokea hilo, lawama hutupwa kwenye kopo la chakula, na kopo mara nyingi halina hatia. Makopo mengi ya lishe ya mpira hayana laktosi, ile sukari ya maziwa. Mshtakiwa wa kwanza kwetu ni dawa za maji.

Sharubati nyingi za dawa, za homa, kikohozi, kifafa na nyinginezo, hutiwa utamu kwa sorbitoli. Sukari hii hainyonywi vizuri. Hubaki kwenye utumbo ikivuta maji. Gramu 10 kwa siku zinatosha kuleta gesi kwa baadhi ya watu, na 20 kuwaharisha. Kila dawa peke yake inaweza kuwa na kiasi kidogo, lakini mtu wa mpira huenda anapewa nne, mara tatu kwa siku, na hakuna aliyejumlisha. Peleka orodha nzima kwa mfamasia, umwombe akuhesabie, kisha akuambie ipi ina kidonge kinachoweza kusagwa. Vidonge vya kutoa dawa polepole na vile vyenye ganda la kuvikinga na tindikali havisagwi kamwe. Dawa za maji zilizo nzito, hasa za potasiamu, zichanganywe na angalau mililita 30 za maji kabla ya kupitishwa, maana mkolezo wake huweza kuzidi ule wa damu mara kadhaa. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu nazo huharisha. Na angalia kama dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa mwezi uliopita bado inaendelea. Hili hutokea zaidi ya mnavyodhani.

Mshtakiwa wa pili ni usafi. Chakula cha mpira ni makao mazuri ya bakteria kama kilivyo kizuri kwa mtu. Chakula cha unga kilichokorogwa kisining'inie zaidi ya saa nne. Kilichomiminwa kutoka kopo lililo tayari, saa nane. Mifuko iliyofungwa kiwandani huweza kukaa saa 24 au zaidi kulingana na maandishi yake. Chakula kilichosagwa nyumbani, saa mbili tu. Usiongeze chakula kipya juu ya masalia ya cha zamani. Nawa mikono kwa sabuni, futa mdomo wa kopo kabla ya kufungua, andika saa uliyofungua, weka kilichobaki kwenye jokofu na ukimwage baada ya saa 24. Mfuko na mrija wake vibadilishwe kila siku. Kuosha mrija wa siku ya tatu ili usitupwe ni akiba inayolipwa chooni.

Ikiwa mtu ametumia antibiotiki wiki za karibuni na sasa anaharisha maji yenye harufu kali, ana homa au tumbo linauma, choo kipimwe kama kina bakteria wa Clostridioides difficile kabla ya dawa yoyote ya kufunga kuhara. Kufunga kuhara kwa namna hiyo kunaweza kuleta madhara makubwa.

Usizimue chakula kwa maji ukidhani unalipumzisha tumbo. Unapunguza nguvu, unaongeza nafasi ya vijidudu kuingia, na kuhara hakupungui. Punguza kasi, rudisha maji yaliyopotea kwa ORS kupitia mpira, na zungumza na mtaalamu wa lishe kuhusu chakula chenye nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Hizo ziongezwe kwa siku kadhaa, vinginevyo utabadilishana kuhara kwa gesi.

Halafu kuna kuhara kwa uongo. Mtu hajapata choo cha maana siku sita, kisha maji machafu yanaanza kutoka kidogo kidogo. Choo kigumu kimeziba, na maji yanapita pembeni yake. Ukimpa dawa ya kufunga, umeziba zaidi. Ulizeni tarehe ya choo cha mwisho cha kweli.

Choo kugoma huja mara nyingi kwa sababu ya maji, na hapa hesabu inasaidia kuliko ushauri. Mtu mzima huhitaji takriban mililita 30 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa moyo au figo zake zimewekewa kikomo na daktari. Mwenye kilo 60 anahitaji 1,800. Akipata mililita 1,500 za chakula chenye kilokalori 1 kwa mililita, asilimia 84 hivi ya chakula hicho ni maji, yaani 1,260. Zimebaki 540. Akila milo mitano na kusuuza mpira kwa 30 kabla na 30 baada, amepata 300. Zile 240 zigawe mara nne, 60 kila mara, kati ya milo. Sasa mbadilishie chakula kizito cha kilokalori 1.5, mililita 1,000 kwa siku, ili ajae kidogo. Nguvu ni zile zile, lakini maji ndani yake yamekuwa kama 760 tu. Asipoongezewa, wiki ya pili choo kitakuwa mawe, na nyuzinyuzi bila maji zitazidisha. Pengo hili halijazwi kwa kopo jipya, linajazwa kwa bomba la maji.

Kukosa choo siku mbili si tatizo kama kikija ni laini; chakula kisicho na nyuzinyuzi kinaacha masalia machache. Chini ya mara tatu kwa wiki, kigumu, chenye maumivu, ndicho cha kushughulikia. Laktulosi na makrogoli, dawa za kulainisha choo, hupita vizuri kwenye mpira, ingawa laktulosi huongeza gesi. Anayeanzishiwa morfini aanzishiwe na dawa ya choo siku hiyo hiyo. Na mwili usogee: anayeweza kutembea atembee, asiyeweza akalishwe na kugeuzwa.

Tuseme pia juu ya mtu ambaye dakika 15 hadi 30 baada ya mlo anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anazungukwa na kizunguzungu na kuharisha. Chakula kimefika kwenye utumbo mwembamba kwa haraka mno. Baada ya saa moja hadi tatu sukari inaweza kushuka, akatetemeka na kulegea. Kama ana gastrostomi ya kawaida na hali hii ni mpya, rudi kwenye ile alama ya mpira, huenda ncha imepita lango la tumbo. Kama mpira uko sawa, milo iwe midogo na ya polepole, au ahamie pampu, na sukari za kuongeza ziondolewe.

Aliyekuwa na njaa kwa siku nyingi ana hatari nyingine ambayo hujificha nyuma ya malalamiko ya tumbo. Chakula kikirudi kwa kishindo, fosfeti, potasiamu na magnesiamu katika damu huanguka. Miguu kuvimba, pumzi kuwa fupi, kuchanganyikiwa, moyo kwenda ovyo katika siku za mwanzo: hapo anahitaji kupimwa damu leo. Walio kwenye hatari kubwa huanza na kilokalori 10 tu kwa kilo kwa siku, wakipewa thiamini (vitamini B1) kabla. Ndugu wakiona kiasi hicho hulalamika kwamba mgonjwa wao anaminywa. Haminywi.

Mambo ya kukimbilia hospitali bila kujadili ni haya: tumbo limekuwa gumu na linauma likiguswa; matapishi ya kijani, ya damu au yanayofanana na machicha ya kahawa; hakuna choo wala hewa inayotoka chini huku tumbo likivimba; homa ya nyuzi 38 au zaidi; kukohoa na kubanwa pumzi wakati wa mlo; choo cheusi kama lami; kukosa mkojo kwa saa nane au zaidi. Mpira ukichomoka katika wiki nne za kwanza, usiurudishe mwenyewe. Funika tundu kwa kitambaa safi na uende mara moja, kwani njia huanza kujifunga ndani ya saa chache.

Kwa mengine yote, chukua daftari. Kila mlo uandike saa, kiasi, dakika ulizotumia, mkao, dawa zilizofuatana nao, na dalili pamoja na saa ilipoanza. Choo kiandikwe kwa sura yake. Uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi. Siku tatu za daftari hilo zinamwambia mtaalamu mengi kuliko sentensi "tumbo linasumbua", kwa sababu dalili ya dakika tano baada ya mlo kuanza, ile ya nusu saa baadaye na ile ya alfajiri zina vyanzo tofauti. Ukipiga simu, anza na aina ya mpira, ukubwa wake ulioandikwa pembeni, tarehe uliyowekewa na namba inayosomeka kwenye ngozi leo. Kisha ndiyo useme kinachouma.